Treni ya umeme ikikatikiwa umeme, inasimamaje?

Tangu treni za umeme za reli ya kisasa, SGR, zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, simu ya studio imekuwa ikipokea swali moja kwa sura mbalimbali. Wa Laela anauliza hivi, wa Namanyere anauliza vile, lakini kiini ni kimoja. Kama treni inatembea kwa umeme, na tunaambiwa inafunga breki kwa umeme, je, umeme ukikatika ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa, ni nini kinaisimamisha?

Anayeuliza hivyo si mshamba. Sisi wa Rukwa umeme wa kukatika tunaujua. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umekuwa ukinunuliwa Zambia, ndiyo maana habari za mradi wa TAZA, ile njia kubwa ya umeme inayotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi kwetu, tunazifuatilia kama matokeo ya mtihani. Na miteremko pia tunaijua. Mtu aliyewahi kukaa juu ya magunia kwenye Fuso linaloshuka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze haambiwi breki ni nini.

Reli yenyewe mkoani kwetu hatuna. Ukitaka treni unapanda basi kwenda Mpanda, au unashuka Tunduma kuisubiri ya TAZARA. Lakini watoto wetu wanasoma Dodoma, wagonjwa wetu wanapelekwa Dar es Salaam, na mahindi yetu husafiri kuliko sisi. Kwa hiyo swali ni letu pia.

Jibu fupi ni kwamba treni inasimama, na kinachoisimamisha umeme ukikatika ni upepo. Hewa tu, iliyoshindiliwa kwenye mitungi, kama ile ya breki za malori yanayopita hapa kwenda bandari ya Kasanga. Ila jibu fupi linaficha jambo ambalo katika sifa zote zinazomwagwa juu ya treni hizi halisemwi sana. Breki ya sumaku ni nzuri, inaokoa fedha, inafanya safari iwe laini. Lakini siku mambo yanapoharibika, si yenyewe inayookoa maisha ya watu. Tulielewe hilo taratibu.

Dainamo ya baiskeli

Kama umewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo usiku, breki ya treni ya umeme unaifahamu tayari. Mchana unakanyaga pedali bila taabu. Giza likiingia unabana dainamo kwenye tairi, taa inawaka, na hapohapo pedali zinakuwa nzito. Ule uzito haukutoka hewani. Ndani ya dainamo kuna sumaku na koili ya waya wa shaba, na kimoja kinazunguka karibu na kingine. Kuzunguka huko kunazalisha umeme, na umeme unapotembea kwenye waya nao unageuka kuwa sumaku inayovuta kinyume na mzunguko. Taa inawaka kwa nguvu za miguu yako.

Mota ya treni ni dainamo hiyohiyo iliyogeuzwa kazi. Treni za SGR hupokea umeme wa volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu, kupitia ule mkono unaoonekana juu ya paa ukigusa waya. Umeme unaingia kwenye mota, mota zinazungusha magurudumu. Dereva anapotaka kupunguza mwendo, mitambo inabadilisha mpangilio: magurudumu sasa ndiyo yanayozungusha mota, na mota zinazalisha umeme. Treni inakuwa nzito kama baiskeli yako usiku. Umeme uliozalishwa unapanda kwa mkono uleule kurudi kwenye waya, ukatumiwe na treni nyingine iliyo karibu au urudi kwenye njia za umeme za nchi.

Tupige hesabu, maana bila namba haya yanabaki maneno ya redioni. Chukua, kwa mfano tu, treni ya tani 400 inayokwenda kilomita 160 kwa saa. Nguvu iliyomo ndani ya mwendo huo ni sawa na uniti 110 za Luku. Mteja mdogo wa TANESCO, yule wa kundi la D1 anayenunua uniti kwa shilingi 100, hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi. Yaani kusimama mara moja tu kwa treni hiyo kuna umeme wa nyumba hiyo ya kijijini kwa karibu mwezi mmoja na nusu.

Na hapo ni kwenye tambarare. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,100. Treni hiyohiyo ya tani 400 ikishuka kutoka Dodoma hadi pwani, kwa hesabu ya kimo peke yake, inaachia nguvu ya uniti 1,200 hivi. Miezi 16 ya yule mteja wetu. Sehemu yake huliwa na upepo na msuguano njiani, haiwezi kurudi yote. Lakini treni ya zamani ingeichoma karibu yote kwa kusugua chuma kwa chuma, ikabaki vumbi na harufu ya kuungua.

Hapa niseme la kwangu. Ningependa kuona Shirika la Reli, TRC, na TANESCO wakitangaza kila mwaka ni uniti ngapi treni zimerudisha na nani amehesabiwa malipo yake. Reli hii imejengwa kwa fedha za umma na mikopo tutakayoilipa sote, na anayenunua uniti za shilingi elfu mbili mbili ana haki ya kujua umeme mwingine unakwenda wapi.

Vichwa vikubwa vya dizeli navyo vina ndugu wa breki hii. Vingi katika hivyo, injini ya dizeli haizungushi gurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota. Kwenye mteremko mota hugeuzwa kuwa dainamo vilevile, ila kwa kuwa hakuna waya juu wa kupokea umeme, umeme hupelekwa kwenye vyuma maalumu vinavyopata moto kama koili ya jiko la umeme, feni kubwa zikapuliza joto hilo nje. Nguvu inapotea, lakini magurudumu hayaungui. Wazee wa Kifipa waliofua chuma kwenye malungu wasingeshangaa: joto lazima litafutiwe pa kutokea.

Sumaku isiyogusa kitu

Kuna aina nyingine ya breki ya sumaku ambayo watu huichanganya na hii ya dainamo. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na mita ya zamani ya umeme, ile ya kabla ya Luku, utakumbuka kisahani cha bati jeupe kilichokuwa kikizunguka nyuma ya kioo. Kisahani kile ni cha aluminiamu, ambayo haivutwi na sumaku. Lakini ukingo wake ulipita katikati ya sumaku, na sumaku ile ndiyo iliyokifanya kizunguke kwa adabu badala ya kukimbia ovyo. Chuma au bati lolote linalopitisha umeme likipita haraka karibu na sumaku, ndani yake huzuka mikondo midogo ya umeme inayojizungusha kama maji nyuma ya jiwe mtoni. Mikondo hiyo inakuwa sumaku, inapingana na mwendo, na bati linapata joto. Breki imefungwa bila kitu kugusana na kitu.

Mabasi na malori mengine makubwa hufungwa kifaa cha namna hiyo kwenye shafti. Ujerumani wamekifunga kwenye treni. Treni zao za mwendo wa kilomita 300 kwa saa ziitwazo ICE 3 zina sumaku ndefu chini ya behewa, zinazoshushwa hadi karibu kabisa na reli bila kuigusa. Njia ya reli ya kutoka Cologne kwenda Frankfurt, iliyofunguliwa mwaka 2002, ina miteremko ya mita 40 kwa kila mita 1,000, mikali mno kwa reli, na breki hiyo hutumika pale kila siku. Lakini ina gharama yake: joto lote linaingia kwenye reli yenyewe. Treni zikifuatana, chuma cha reli kinatanuka, na njia ambayo haikujengwa kwa ajili hiyo inaweza kuharibika. Ndiyo maana hata Ujerumani hawaruhusu itumike ovyo kwenye kila njia. Wajapani nao waliwahi kufunga breki ya jamii hii kwenye mabehewa yasiyo na mota ya treni zao za Shinkansen, baadaye wakaona dainamo inatosha.

Ya tatu nitaipita haraka. Treni ndogo za mijini huko Ulaya, zinazopita barabarani katikati ya magari, zina sumaku inayoshuka na kung'ang'ania reli kabisa wakati wa dharura. Hiyo inagusa, inasugua, na ukiwa umesimama ndani utaangukia jirani yako. Ni ya kumwokoa mtoto aliyekatiza barabara.

Gia nzito haiegeshi gari

Turudi sasa kwenye swali la wasikilizaji, na turudi Lyamba lya Mfipa.

Dereva mzoefu anayeshuka kwenda bonde la Rukwa na tani kumi za mzigo hakanyagi breki kutoka juu hadi chini. Akifanya hivyo ngoma za breki zitapata moto, moshi utaanza kutoka, na atakapoihitaji breki kwenye kona ya mwisho hataipata. Anachofanya ni kuingiza gia nzito tangu juu, injini ikashikilia gari, halafu breki ya mguu anaitunza kwa ajili ya kusimama. Breki ya sumaku ndiyo gia nzito ya treni. Inafanya kazi kubwa, inafanya kila siku, na inaitunza breki nyingine ibaki ya baridi na nzima.

Lakini hakuna dereva anayeliacha Fuso kwenye mteremko likiwa limeshikwa na gia peke yake akaenda kunywa chai. Atavuta hendibreki, na utingo atashuka na jiwe au kigingi cha mti.

Breki ya sumaku ina udhaifu wa kuzaliwa nao: inaishi kwa mwendo. Dainamo isipozunguka haina umeme, na isipokuwa na umeme haina uzito. Kadiri treni inavyopunguza mwendo ndivyo inavyodhoofika, na ikikaribia kusimama inakuwa si kitu. Treni iliyosimama mlimani haiwezi kushikwa na breki hii hata dakika moja. Halafu inahitaji pa kupeleka umeme. Waya wa taa ya baiskeli ukikatika usiku, pedali zinakuwa nyepesi ghafla ingawa dainamo bado inazunguka. Treni nayo, waya wa juu ukikosa umeme, haina tena pa kuurudisha. Na jambo la mwisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, breki hii iko tu kwenye magurudumu yenye mota. Kwenye treni za abiria za mchongoko, zile zenye pua kali ambazo kila mtu anapiga nazo picha, mota zimegawanywa kwenye mabehewa kadhaa. Kwenye treni inayovutwa na kichwa, mota ziko kwenye kichwa tu. Mabehewa yote ya nyuma yanasukuma.

Ndiyo maana treni yoyote duniani, iwe ya Dodoma au ya Tokyo, lazima iwe na breki ya pili isiyotegemea umeme wala mwendo. Dereva anapofunga breki, kompyuta hupanga: sumaku ifanye kiasi gani, upepo umalizie kiasi gani. Sumaku ikishindwa, upepo unachukua nafasi yake mara moja. Abiria hata hatajua.

Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ya SGR ilikwama njiani kwa hitilafu ya umeme. TRC walipoeleza kuwa ngedere na bundi walihusika, nchi nzima ilicheka. Kicheko kilikuwa halali yetu. Lakini waliocheka hawakuangalia kitu kimoja: umeme ulikatika, na treni ilisimama njiani, ikakaa pale ilipo. Breki zilifanya kilichotakiwa.

Breki inayofunga kwa kukosa

Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alitengeneza breki ya upepo ya treni. Ya kwanza ilikuwa na kasoro ambayo mtu yeyote angeiona: upepo ulisukumwa kutoka kwenye kichwa kwenda kwenye mabehewa ili kufunga breki. Bomba likipasuka, hakuna breki. Miaka michache baadaye akaigeuza kichwa chini, na mgeuzo huo ndio umeokoa watu wengi kuliko breki yoyote ya sumaku. Aliweka mtungi mdogo wa upepo kwenye kila behewa, na bomba moja refu lililojaa upepo kutoka mbele hadi mwisho wa treni. Upepo ukiwa umejaa bombani, breki zimefunguka. Upepo ukipungua, breki za kila behewa zinafunga kwa upepo wa mtungi wake lenyewe. Kwa hiyo bomba likipasuka, au behewa likichomoka, treni yote inasimama, pamoja na kile kipande kilichochomoka.

Malori ya leo yanafuata fikra hiyohiyo kwa springi. Lori lililoishiwa upepo haliondoki. Dereva anapiga resi ya kujaza mitungi kwanza, ndipo springi ziachie.

Ilichukua vifo kuifanya fikra hiyo iwe sheria. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watu, wengi wao watoto, ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili ili kichwa kivute nusu kwanza. Breki zake hazikuwa za kujifunga zenyewe. Nusu ya nyuma ikaanza kurudi mlimani, ikakutana na treni iliyokuwa ikiifuata. Walikufa watu 80. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria: treni za abiria lazima ziwe na breki inayounganisha mabehewa yote na inayojifunga yenyewe ikipata hitilafu.

Wengi wenu mmeshakumbuka ya kwetu. Tarehe 24 Juni 2002, eneo la Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianza kurudi nyuma kwenye mteremko. Ilikuwa na zaidi ya watu 1,200. Breki hazikuishika. Ikakusanya mwendo, ikirudi kinyumenyume kwenye reli ileile iliyotoka, mpaka ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli Tanzania, na miongoni mwa mbaya zaidi Afrika nzima. Ilitokea zaidi ya miaka 110 baada ya Armagh, kwa sura ileile: mlima, treni inayorudi, treni nyingine nyuma yake.

Ninawaomba msomaji na msikilizaji mlione jambo moja hapo. Kama treni ile ingekuwa na mota za kisasa kuliko zote, zenye breki ya sumaku ya Kijerumani au ya Kijapani, sumaku isingetosha kuiokoa. Treni inayoanza kuteleza kutoka kusimama iko kwenye mwendo mdogo, mahali palepale ambapo sumaku haina nguvu. Pale kinachohitajika ni chuma kubana gurudumu, upepo uliojaa kwenye mitungi ya kila behewa, na mtu aliyevikagua kabla treni haijaondoka.

Na upepo nao una mwisho wake. Unavuja. Usiku wa tarehe 6 Julai 2013, huko Canada, treni yenye matangi 72 ya mafuta ilikuwa imeegeshwa juu ya mteremko, ikishikwa na breki ya upepo ya kichwa na hendibreki chache. Injini ikazimwa baada ya moto mdogo kuzuka. Pampu ya upepo ikazimika nayo, upepo ukavuja taratibu kwa muda usiofika hata saa mbili, na hendibreki zilizovutwa hazikutosha. Treni ikateremka yenyewe, bila mtu ndani, hadi katikati ya mji wa Lac-Mégantic, ikaanguka na kulipuka. Walikufa watu 47 waliokuwa hawajapanda treni yoyote. Canada haikukosa teknolojia. Zilikosekana hendibreki za kutosha, kazi ya mikono ya mtu anayetembea behewa hadi behewa akizungusha gurudumu la chuma. Kigingi cha utingo, kwa lugha yetu.

La kuuliza sasa

Picha ya reli yetu inabadilika haraka. Kwenye SGR treni inaongozwa kwa mfumo wa Ulaya unaowasiliana na kichwa kwa redio, ukikokotoa muda wote umbali ambao treni inahitaji ili isimame. Dereva akichelewa kufunga breki, mfumo unafunga wenyewe. Hilo ni jambo kubwa, na nikiwa mtu wa redio nakiri linanipa fahari kidogo. Kwa abiria wa mchongoko, usalama wa breki leo uko mbali sana na ule wa mwaka 2002.

Wasiwasi wangu uko kwenye mizigo. Treni ya mizigo ni ndefu, ni nzito mara nyingi kuliko ya abiria, na breki yake ya sumaku iko kwenye kichwa tu. Behewa moja lenye vali mbovu au bomba lililofungwa kimakosa halionekani kwa macho ya dereva aliye mbele karibu nusu kilomita. Na sheria zetu sasa zinafungua mlango kwa kampuni binafsi kuendesha treni zao kwenye reli za umma. Kila mwenye mabehewa atakuja na mabehewa yake, mapya kwa makuukuu. Nani atakagua mitungi ya upepo ya behewa la arobaini?

Swali hilo linatugusa zaidi upande wa TAZARA. Reli ile yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, ina kipande kigumu kuliko vyote kati ya Mlimba na Makambako, ambako treni hupanda kutoka bonde la Kilombero kupitia mahandaki na madaraja lukuki, kisha inaendelea hadi Uyole karibu na Mbeya, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Ni kimo kama chetu hapa Sumbawanga. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua. Mazungumzo mengi ni ya vichwa vipya na tani zitakazobebwa. Vichwa vyenye nguvu zaidi maana yake ni mabehewa mengi zaidi kwa safari moja, na mabehewa mengi zaidi kushuka Makambako kwenda Mlimba maana yake ni breki nyingi zaidi za kukagua, na wakaguzi wengi zaidi wa kuajiriwa. Vichwa hupigwa picha siku ya kupokelewa bandarini. Mkaguzi mwenye nyundo na tochi hapigwi picha na mtu.

Kwa mujibu wa sheria, usalama wa reli za TRC unasimamiwa na LATRA, mamlaka ileile inayopanga nauli za mabasi yetu ya Mbeya na Mpanda. Viongozi wake hupita mikoani, hukutana na wadau, hupokea maswali. Wanapofika Sumbawanga, tumezoea kuwauliza nauli na vituo. Wakija tena, mtu mmoja ukumbini asimame awaulize haya: mabehewa ya mizigo yanakaguliwa breki mara ngapi, nani anasaini, na lile lililofeli linaondolewa njiani au linaunganishwa hivyohivyo hadi stesheni inayofuata.

Mzee mmoja wa Matai aliyetupigia wiki iliyopita aliuliza zaidi ya hapo. Kama siku moja reli itafika Kasanga, alisema, itashukaje ziwani? Kutoka uwanda wa Ufipa hadi Ziwa Tanganyika ni zaidi ya mita 1,000 za kushuka, maana maji ya ziwa yako mita 773 tu juu ya usawa wa bahari. Jibu, mzee wangu, ni kwamba reli haishuki kama barabara ya malori. Mainjinia wangeizungusha kwa makumi ya kilomita kutafuta mteremko mpole, na kila treni ya mahindi inayoshuka ingekuwa inazalisha umeme wa kusaidia kuipandisha ile ya saruji inayotoka bandarini. Na kabla ya kuanza kushuka ingesimama pale juu ya ukingo, breki za upepo zijaribiwe behewa moja moja.